Je, Wajua? Shilingi Ndogo Nayo Huchagua Kazi

Upo uwekezaji ambao mtu hutafuta faida na wakati huohuo fedha yake inafanya kazi anayoiamini: maji, barabara, mikopo ya akina mama, umeme wa jua. Wengi hudhani huo ni uwanja wa mabilionea na mashirika makubwa. Haya hapa mambo 22 kuhusu wapi mtu wa kipato cha kawaida anapenya, wapi bado kumefungwa, na wapi pa kukaa mbali napo.

ULIKOANZIA

1. Je, wajua kwamba uwekezaji huu ulipewa jina lake la kimataifa mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya? Ilikuwa 2007, katika mkutano ulioitishwa na Taasisi ya Rockefeller huko Bellagio, Italia. Mwaka 2024 mtandao wa kimataifa wa wawekezaji hao, GIIN, ulikadiria kuwa fedha zilizowekwa kwa namna hii duniani zimefika dola trilioni 1.57. Sehemu kubwa ni ya mifuko na taasisi.

2. Je, wajua kwamba wanyonge walikuwa wakiifanya kazi hiyo muda mrefu kabla matajiri hawajaipa jina? Mwaka 1844, mjini Rochdale, Uingereza, mafundi na wafumaji 28 walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao la unga, sukari na siagi, wapate bidhaa isiyochakachuliwa. Miaka 20 baadaye Friedrich Wilhelm Raiffeisen akaanzisha chama cha kukopeshana huko Heddesdorf, Ujerumani. SACCOS unayokatwa mshahara kila mwezi ni kizazi cha vyama hivyo.

3. Kilimanjaro nako hakukuchelewa. Wakulima wa kahawa waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima wa vihamba viwili vya kahawa akawa na sauti mbele ya mnunuzi.

4. Je, wajua kwamba kwenye SACCOS mwenye akiba ya laki moja na mwenye milioni mia wana kura sawa? Kwenye kampuni, kura hufuata idadi ya hisa. Kwenye ushirika, kila mwanachama ana kura moja. Fedha unayoweka inamkopesha mwalimu mwenzako au dereva mwenzako, na mkutano mkuu wa mwaka ndio unaoamua gawio. Ukiukosa mkutano huo kila mwaka, umewaachia wengine fedha zako wazisemee.

5. Je, wajua kwa nini sanduku la kikundi huwa na kufuli tatu? Funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Siku ya kikao hakuna anayeweza kulifungua bila wengine. Mfano huu wa vikundi vya kuweka na kukopa ulianzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, ukasambaa hadi kwetu. Kila kikao mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri kwenye kijitabu chake, hata asiyejua kusoma aweze kuhesabu. Mfuko wa jamii huwekwa kando kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Mikopo hutolewa palepale mbele ya macho ya wote, na mwisho wa mzunguko wanagawana akiba pamoja na faida. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; hapa daftari ni kila mtu aliyeketi kwenye mkeka.

6. Unguja, vikundi vya namna hiyo vilienea kwenye vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani kupitia mradi wa hifadhi. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu mwenye mtaji wa biashara ndogo ana sababu ndogo ya kuingia msituni kukata kuni. Kima punju, mnyama asiyepatikana kwingine duniani ila Zanzibar, alipata ulinzi ambao sehemu yake ilitoka kwenye akiba za wanakijiji.

HATIFUNGANI ZENYE KAZI MAALUMU

7. Ukinunua hisa, umekuwa mmoja wa wenye kampuni. Ukinunua hatifungani, ambayo Wakenya wengi huiita bondi, umekopesha. Unalipwa riba kwa vipindi, na siku ya kuiva unarudishiwa mtaji. Hatifungani ya kijani ni mkopo uleule, ila mkopaji ameahidi kuzitumia fedha kwenye miradi ya mazingira tu. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ilitoa ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2007, na Benki ya Dunia ikafuata mwaka 2008 baada ya mifuko ya pensheni ya Sweden kutafuta pa kuweka fedha pasipoharibu tabianchi.

8. Je, wajua kwamba bili ya maji ya Tanga inamlipa mwekezaji? Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Hakuna mamlaka ya maji Afrika Mashariki iliyokuwa imefanya hivyo kabla yake. Wananchi na taasisi walitoa zaidi ya kilichoombwa. Lengo ni kupanua mitambo na mabomba yanayochota mto Zigi, ili uzalishaji upande kutoka lita milioni 45 hadi milioni 60 kwa siku.

Tupige hesabu. Aliyeweka milioni moja anapata 135,000 kwa mwaka, yaani 67,500 kila baada ya miezi sita. Kwa miaka 10 riba peke yake inafika milioni 1.35, kisha mtaji unarudi. Fedha hizo zinatoka wapi? Kwa mteja wa Chumbageni au Makorora anayelipa ankara yake. Wateja wakilipa na mabomba yasipovuja, mwekezaji hana wasiwasi. Maji yakipotea njiani, riba yake nayo iko mashakani. Ndiyo maana mwenye hatifungani hii anapaswa kufuatilia upotevu wa maji kwa bidii ileile anayofuatilia tarehe ya malipo.

9. Mwaka 2022 benki ya NMB ilitafuta shilingi bilioni 25 kupitia hatifungani iliyoitwa Jasiri, kwa ajili ya kuzikopesha biashara za wanawake. Zikaja bilioni 74.27, karibu mara tatu. Riba ilikuwa asilimia 8.5, kwa miaka mitatu.

10. Mwaka 2023 benki ya CRDB ikatoa hatifungani yake ya Kijani, ya miaka mitano, kwa riba ya asilimia 10.25. Ilitafuta bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 170. Aliyesema Watanzania hawana fedha za kuwekeza alikuwa hajawauliza.

11. Je, wajua kwamba laki tano zilitosha kumkopesha mkandarasi wa barabara ya kijijini? Hatifungani ya Miundombinu ya Samia, iliyouzwa na CRDB kwa ajili ya wakandarasi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kuanzia mwishoni mwa 2024, ilikuwa na kiwango hicho cha chini. Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, hulipwa kila miezi mitatu: laki tano zinaleta shilingi 15,000 kila robo mwaka. Ilitafutwa bilioni 150. Zikapatikana zaidi ya bilioni 320.

12. Je, wajua kwamba Kenya ndiyo iliyoiuza hatifungani ya kwanza ya serikali duniani kununuliwa kwa simu ya mkononi pekee? M-Akiba ilizinduliwa Machi 2017. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 3,000 za Kenya, wakati hatifungani za kawaida zilianzia 50,000. Ulibonyeza *889#, ukajisajili, ukalipa. Riba ilikuwa asilimia 10, haikatwi kodi. Awamu ya majaribio ya milioni 150 iliisha haraka. Awamu ya pili ikatafuta bilioni 1, ikaambulia takriban milioni 247.

Waliojisajili walikuwa wengi, walionunua wachache. Sababu mojawapo iko kwenye hesabu: 3,000 kwa asilimia 10 ni shilingi 300 kwa mwaka, yaani 150 kila nusu mwaka. Tena Mei 2017 mfumuko wa bei Kenya ulifika asilimia 11.7. Kwa mama mboga anayezungusha mtaji wake kila siku, kufungia fedha miaka mitatu kwa faida hiyo ni biashara ngumu kumshawishi aingie. Mlango mpana pekee hautoshi. Kilichomo ndani lazima kimfae anayeingia.

13. Februari 2024 hali ilikuwa nyingine kabisa. Serikali ya Kenya ilitafuta shilingi bilioni 70 kupitia hatifungani ya miundombinu isiyokatwa kodi. Maombi yakafika bilioni 288. Riba ilikuwa asilimia 18.46. Aliyeweka 100,000 anapokea takriban 9,230 kila miezi sita. Lakini jihadhari na jina. Hazina inapokopa kwa ajili ya miundombinu, mwekezaji haonyeshwi barabara fulani kwamba ndiyo yake. Kama unachotaka ni kuona kazi ya fedha yako, hatifungani ya Tanga inakuonyesha bomba. Hii inakuonyesha riba.

14. Rwanda wameongeza adabu kwenye mkataba. Mwaka 2023 Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, ilitoa hatifungani ya faranga bilioni 30, ya miaka saba, kwa riba ya asilimia 12.85, ikafungamanishwa na malengo: mikopo zaidi kwa miradi inayoongozwa na wanawake, nyumba za gharama nafuu, na benki washirika kuzingatia mazingira. Benki isipofikia malengo, inamlipa mwekezaji riba zaidi. Ahadi iliyowekewa faini ina uzito kuliko ahadi iliyowekewa picha nzuri kwenye kalenda.

15. Na asiyetaka riba kwa sababu za imani? Kwake kuna sukuk. Badala ya kukopesha, mwekezaji anamiliki sehemu ya mali au mradi, na anachopata ni sehemu ya kodi ya pango au faida inayotokana nao. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua sukuk yake mwaka 2025 ili kugharimia miradi ya maendeleo.

16. Je, wajua kwamba hatifungani ya kwanza ya kijani nchini Kenya haikuwa yako wewe? Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kujenga hosteli za wanafunzi Nairobi zinazookoa maji na umeme, kwa riba ya asilimia 12.25. Nusu ya mtaji ilidhaminiwa na kampuni ya dhamana ya GuarantCo. Lakini iliuzwa kwa wawekezaji maalumu tu. Sheria huwatenga wananchi wa kawaida kwenye mauzo kama hayo kwa nia ya kuwalinda wasipoteze, ila matokeo yake ni kwamba biashara zenye dhamana nzuri nazo huwapita.

KWA WALIO UGHAIBUNI

17. Je, wajua kwamba jukwaa la kukopesha mtandaoni la Kiva lilianzia Tororo, Uganda? Mwaka 2005 Matt Flannery na Jessica Jackley, Wamarekani, walikusanya dola 3,500 kutoka kwa ndugu na marafiki wakawakopesha wajasiriamali saba wa huko. Leo unaanza na dola 25. Lakini elewa unachofanya: wewe unayetoa hupati riba hata senti, na mkopaji asipolipa hasara ni yako. Mkopaji naye mara nyingi hulipa riba kwa taasisi ya kwao inayomhudumia. Hiyo ni sadaka inayoweza kurudi ukaitoa tena, faida usiitarajie.

18. Je, wajua kwamba dola 20 za mkazi wa Marekani zilikuwa na njia ya kufika kwenye samaki wa Bahari ya Hindi? Shirika la Calvert Impact Capital huuza noti za uwekezaji wa jamii ambazo mtandaoni zinaanzia dola 20. Oktoba 2018 Shelisheli ilipotoa hatifungani ya kwanza ya buluu ya taifa lolote duniani, dola milioni 15 kwa ajili ya kulinda bahari na uvuvi, wanunuzi walikuwa watatu tu. Calvert alikuwa mmoja wao.

19. Wapo pia Oikocredit wa Uholanzi, ushirika ulioanzishwa mwaka 1975 kutokana na hoja za Baraza la Makanisa Ulimwenguni: waumini wa kawaida Ulaya waweke akiba ndogo, zikopeshwe huko zinakohitajika. Miongoni mwa waliokopeshwa ni ushirika wa wafugaji wa Githunguri, Kenya, ulipojenga kiwanda chake cha maziwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maziwa ya Fresha yaliyo dukani ni ya ushirika huo.

20. Mwaka 2004 kampuni ya Cafédirect ya Uingereza, inayonunua kahawa na chai ya wakulima wadogo, ikiwemo ya Kilimanjaro, iliuza hisa kwa umma na kukusanya pauni milioni 5 kutoka kwa watu wapatao 4,500. Wakulima nao wakapewa sehemu ya umiliki. Ila hisa zenyewe haziko kwenye soko kuu la London: ukitaka kuuza, lazima asubiriwe mtu anayetaka kununua. Uwekezaji mwingi wa manufaa kwa jamii una tabia hiyo, kuingia ni siku moja na kutoka ni subira. Fedha ya ada ya mtoto ya Januari isipelekwe huko.

PA KUKAA MBALI NAPO

21. Je, wajua kwamba matapeli hupenda majina ya huruma? Uganda, mwishoni mwa miaka ya 2000, watu walipoteza fedha kwenye mpango uliobeba jina la kuwatunza yatima, wajane na wazee, COWE. Tanzania ilikuwa DECI, jina lililotaja maendeleo na jamii. Unapanda mbegu, unavuna mara mbili au tatu. Serikali iliifunga mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama jijini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi wake. Kilichokuwa kinalipa wa kwanza ni fedha za wa mwisho. Hapakuwa na bomba, kiwanda wala mkopo uliokuwa ukizalisha chochote. Swali la kuuliza ni lilelile la Tanga: anayenilipa mimi anapata wapi? Ukijibiwa kwa kuonyeshwa wanachama wapya, funga pochi.

Jina zuri halimlindi mwekezaji hata pale nia inapokuwa njema. Januari 4, 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, zikiwemo Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Mwenye amana alikuwa na kinga ya bima hadi shilingi milioni 1.5, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa. Mwenye hisa hana bima. Husimama mwisho wa foleni, baada ya wadai wote.

Na hatifungani, hata ya mkopaji mwaminifu, hupanda na kushuka bei. Umenunua ya asilimia 10. Mwakani mpya zinatoka kwa asilimia 15. Nani atainunua yako kwa bei uliyotoa? Ukiishikilia hadi iive unapata chako chote, ila ukilazimika kuuza katikati utapunguza bei.

22. Je, wajua kwamba mwenye hatifungani moja ndogo ana haki ya kuuliza fedha zimefanya nini? Miongozo ya kimataifa ya hatifungani za kijani, iliyotolewa mwaka 2014, inamtaka mkopaji mambo manne: aseme fedha zitatumika wapi, aeleze miradi imechaguliwaje, azitenge fedha hizo zifuatilike, na atoe taarifa kila mwaka. Miongozo hiyo ni ya hiari, kwa hiyo inategemea wanaodai.

Basi kabla hujalipa, fungua akaunti yako ya soko la hisa kwa dalali aliyesajiliwa, na hakikisha mwenyewe jina lake kwenye orodha ya mamlaka ya masoko ya mitaji. Uombe waraka wa matarajio, ruka picha, nenda kwenye ukurasa wa matumizi ya fedha na ukurasa wa hatari. Ukishanunua, andika kwenye kalenda tarehe mbili: ya kulipwa riba na ya kutoka kwa taarifa ya mwaka. Riba italetwa kwenye akaunti yako. Taarifa usipoletewa, piga simu uidai, kwa sababu mkopaji asiyeulizwa na wenye laki tano hana sababu ya kuwajibu.